Siku Malar Alipopeleka Ladu Darasani

Malar alikuwa na mtoto mmoja tu, na mtoto huyo ndiye aliyekuwa mdomo wake. Nalisema hili mapema, asije mtu akanikatiza katikati ya habari kuniuliza kwa nini jambo dogo vile lilimwangusha mtu mzima. Si dogo. Subirini.

Tunafanya kazi pamoja kwenye nyumba ya kutunzia wazee hapa Burgdorf, chumba cha chini, kwenye mashine za kufulia. Mimi napokea mashuka, yeye anapiga pasi nguo za wazee. Ananiita Akka, yaani dada mkubwa, ingawa hatuna damu moja. Mimi wa Kopay, yeye wa Karaveddi. Nyumbani Jaffna tungepishana sokoni bila kusalimiana, lakini huku Uswisi Mtamili akimwona Mtamili ni ndugu mpaka atakapomkosea. Mimi nilitangulia kufika. Kijerumani nilikiokota kwenye majiko ya mahoteli pamoja na matusi ya wapishi, kwa hiyo nakijua vibaya, lakini nakijua. Malar kilimkataa. Wako wanaomcheka kwa hilo, na nikiwasikia nawapa vyao. Mtu ameletwa na mumewe akiwa amepita thelathini, akatumbukizwa kwenye chumba cha mashine zinazonguruma kutwa, wenzake wote ni sisi kwa sisi. Kijerumani atafundishwa na nani, pasi?

Kwa hiyo msemaji alikuwa binti yake, Yathusha. Tangu meno ya utotoni hayajaisha kung'oka alikuwa anafuatana na mama yake kwa daktari, posta, ofisi ya mji, dukani kurudisha viatu vinavyobana. Siku moja nilikuwa nao hospitali. Malar alimweleza daktari maumivu ya mgongo kuanzia kisima cha kwao Karaveddi, ndoo alizochota akiwa msichana, mpaka kitanda kipya alichonunua mumewe bila kumuuliza. Alisema mpaka mate yakamkauka. Yathusha akamgeukia daktari akasema maneno matatu.

"Ndiyo hayo tu?" Malar akauliza.

"Ndiyo hayo tu aliyouliza, Amma. Habari ya kitanda utamwambia Appa mwenyewe."

Daktari hakuelewa kwa nini tunacheka. Ndivyo walivyokuwa wawili hao. Mtoto alimchambua mama yake kama mchele, akatoa mawe, akawapa Waswisi kilicho safi, na mama alimwachia kwa moyo mmoja.

Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Malar alifumba. Alijifunza kumsalimia kila anayepishana naye njiani, maana ukipita kimya wanakuona mwizi, na ukiuliza umeamkaje, watoto hawajambo, unakwenda wapi, wanakuona mwehu. Alijifunza kwamba Jumapili chupa hazitupwi kwenye pipa la chupa. Alijifunza kukaa mezani na watu wanaokula mkate na jibini usiku, wakasema wameshiba, naye asiwaonee huruma usoni. Kitu kimoja kilimshinda: kutogawa chakula. Jirani mpya alipohamia ghorofa ya chini, Malar alimteremshia sufuria nzima ya wali na mchuzi wa kaa. Yule mama akauliza kilichomo, kimoja kimoja, akashukuru sana. Kesho yake sufuria ikarudi imeoshwa, ndani yake kipande cha chokoleti, na ujumbe kupitia Yathusha kwamba chakula kilikuwa cha kuvutia. Malar akaniuliza, cha kuvutia ndiyo kitamu au si kitamu? Nikamwambia ukweli, maana mimi si mtu wa kubembeleza.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Yathusha alivunja ungo mwezi wa Novemba, ana miaka kumi na miwili. Alirudi mchana kula, kama watoto wote wa hapa, akasimama mlangoni mwa jikoni hajavua hata koti, akamwambia mama yake. Kisha akasema asiambiwe mtu. Si Appa, si Mjomba, si mimi. Akataka mama yake aahidi. Malar akaahidi. Baadaye aliniambia aliahidi kama unavyomwahidi mtoto mwenye homa kwamba dawa si chungu.

Kwetu habari hiyo si ya msichana peke yake, ni ya nyumba nzima. Wa kwanza kuambiwa ni kaka wa mama, na mkewe ndiye anayemwogesha mwari siku ya kutolewa ndani. Mjomba huleta sari ya kwanza, wanawake hupanga masinia, watu hula. Mama akinyamaza, watu hawasemi ana haya. Husema kuna kitu anaficha. Halafu kulikuwa na jingine, na hili Malar alinisimulia mara moja tu huku anapiga pasi, bila kuinua macho. Yeye mwenyewe aliingia ukubwani wakati wa vita. Mama yake alimwogesha kwa ndoo mbili nyuma ya mgomba, kwenye uwanja wa watu wasiowajua, mabomu yanalia upande wa barabara kuu. Mjomba wake hakuweza kuvuka. Hakupata sari, hakupigwa hata picha moja. Tangu binti yake alipozaliwa alikuwa anamwekea siku hiyo, kama mtu anayeweka akiba kwenye kibubu.

Kwa hiyo kabla sahani za mchana hazijaoshwa alikuwa amempigia simu kaka yake Sivapalan, aliyeko Toronto. Mwanamume yule alilia. Ana watoto wa kiume watupu, na mpwa wa kike ni huyu mmoja. Akasema atakuja na mkewe, sari atainunua mwenyewe, na mtu mwingine asithubutu kuigusa kazi hiyo. Kisha Malar akanipigia mimi. Nilifika jioni na mayai na chupa ya mafuta ya ufuta, kama inavyotakiwa, na nikamkuta mwari amewekwa chumbani kwake na sahani yake na kikombe chake. Aliponiona na yale mayai alijua ahadi imekwisha. Alimtazama mama yake, basi.

Nilimwambia Malar jikoni, huyu mtoto hakufurahi. Akanijibu, nani alifurahi kunywa yai bichi? Tukacheka. Mimi pia nilicheka.

Likabaki suala la shule. Mwari hatoki mpaka siku ya kuogeshwa, na shule za hapa mtoto asipoonekana saa ya kwanza wanapiga simu saa ya pili. Siku zote udhuru aliuandika Yathusha mwenyewe kwa Kijerumani chake kizuri, mama anatia saini. Safari hii Malar hakutaka kumwomba. Mimi nilikuwa na zamu ya asubuhi. Mumewe, Kugan, hufanya kazi usiku kwenye kiwanda cha biskuti, asubuhi ndiyo kwanza analala, na hata angekuwa macho, hili si jambo la kupelekwa na baba. Malar akaona atakwenda mwenyewe. Na kwa kuwa ni habari njema, na mkono mtupu haulambwi, aliamka alfajiri akafinyanga ladu, zile tamutamu zetu za mviringo, za watu thelathini.

Najaribu kumwona alivyoondoka pale nyumbani. Sari ya hariri ya rangi ya embe bivu, juu yake lile koti la kijivu la theluji, chini mabuti, mkononi boksi la plastiki. Alikuwa na furaha. Miaka yote shuleni alikuwa amekwenda nyuma ya mtoto, kuambiwa, kutikisa kichwa, kutia saini. Leo alikuwa na neno lake la kusema.

Mwalimu wa darasa, Bwana Zaugg, ni kijana mwembamba mwenye ndevu, huja na baiskeli hata barafu ikiwa barabarani. Ni mtu mwema, na sitaki mtu amseme vibaya hapa. Alitoka mlangoni kumsikiliza. Malar akatoa Kijerumani chote alichokuwa nacho: Yathusha mkubwa. Jana. Mwanamke. Furaha. Na kwa kuhofia hakueleweka, akamalizia kwa mikono. Mwalimu akawa mwekundu mpaka masikioni, akasema asante, asante, akanyoosha mkono apokee boksi. Malar akaona huyu ataliweka kabatini asahau. Akampita, akaingia darasani, akagawa meza kwa meza. Mtoto mmoja akauliza sherehe ya nini. Akamjibu kwa maneno yale yale, kwa sauti, ili na wa nyuma wasikie.

Nilipotoka kazini nilimkuta anaosha lile boksi huku anaimba. Hakubakiwa na ladu hata moja.

"Akka, wote wamekula. Hata mwalimu. Hakuna aliyeuliza kilichomo."

Nikamuuliza amekwenda wapi. Akanieleza yote, mwanzo mpaka mwisho, anakausha mikono kwa pindo la sari. Nikavuta kiti, nikakaa. Nimepika na wanawake wa hapa na kufua na wanawake wa hapa, najua mambo wanayoyasema mbele za watu na yale ambayo mama na binti hunong'onezana bafuni, tena mlango umefungwa. Nilitaka kumwambia. Sikujua nianzie wapi, maana kila nilichotaka kukiita kosa, kwetu ndiyo heshima yenyewe.

Simu ya Yathusha ilikuwa chumbani mwake. Ilianza kulia ile milio mifupi ya ujumbe, mmoja, halafu mitatu, halafu ikawa haikatiki. Mlango ukafunguliwa. Mtoto alikuwa mweupe midomoni.

"Umewaambia nini, Amma?"

"Nimemwambia mwalimu wako habari njema. Nimewapa ladu."

"Umemwambia Bwana Zaugg? Mbele ya wavulana?"

"Mwanangu, si jambo la aibu hili. Ni—"

Hakumwacha amalize. Akaanza kusema kwa Kijerumani. Hajawahi kumsemesha mama yake Kijerumani tangu azaliwe. Alisema kwa muda mrefu, haraka, bila kupaza sauti, na Malar alikuwa anamtazama mdomo kama anayejaribu kusoma kupitia kioo chenye mvuke. Mwisho mtoto akaingia ndani akafunga kwa ufunguo. Malar akanigeukia.

"Akka, kasema nini?"

Nilikuwa nimeelewa kila neno. Alikuwa amesema alimwomba kitu kimoja tu maishani mwake. Alikuwa amesema hatarudi shule ile. Alikuwa amesema, natamani ningekuwa na mama ambaye naweza kumwambia kitu. Nikamwambia Malar mtoto ana hasira, zitapoa. Mpaka leo sijamtafsiria.

Hazikupoa. Yai hakulinywa, mafuta aliyamwaga kwenye sinki. Malar alimwekea chakula nje ya mlango, akakuta kimeliwa nusu. Wiki iliyofuata shule ikatuita. Walitaka kuleta mkalimani wa Kitamili, mwanamume, tena tunayemjua, anauza kadi za simu karibu na stesheni. Malar akasema bora afe. Nikaenda naye mimi. Bwana Zaugg alikuwepo, na mama mmoja mwenye nywele za mvi anayeshughulikia watoto wenye matatizo, sauti yake laini kama ya mtu anayembembeleza paka atoke uvunguni. Akauliza kama Yathusha anakula pamoja na familia. Malar akajibu kwa fahari kwamba hapana, ana sahani yake na kikombe chake, na hakuna anayevigusa. Akauliza kama anaruhusiwa kutoka chumbani. Malar akasema atoke aende wapi, siku hizi yeye ndiye malkia wa nyumba. Mimi nilikuwa natafsiri nusu, nusu nameza, na kila nilivyozidi kumeza ndivyo yule mama alivyozidi kunitazama mimi badala ya Malar.

Ndipo akauliza swali ambalo kwao ni dogo kabisa. Yathusha mwenyewe anataka nini?

"Swali gani hilo, Akka?" Malar aliniuliza, na hakuwa anabisha, alikuwa anataka kujua kweli. "Mtoto wa miaka kumi na miwili unamuuliza anataka nini? Mimi nimfanyie nini sasa? Waambie waniambie, nitafanya."

Nikawaambia. Hakukuwa na cha kumwambia afanye. Walisema kwa upole mwingi kwamba Yathusha arudi shule Jumatatu, kwamba wamezungumza na wanafunzi, na kwamba sherehe ni mambo ya familia, ila msichana asilazimishwe. Malar akashukuru, akashukuru tena mlangoni, akamshukuru na mfagiaji tuliyemkuta ngazini.

Nyumbani simu ya Toronto ilikuwa inamngoja. Kaka yake alikuwa amekwishapata ukumbi huku kwetu, Langenthal, kupitia rafiki yake, mpambaji anatoka Zurich, watu mia tatu wameambiwa. Malar alimpigia mara mbili mbele yangu ili amwambie aahirishe. Mara ya kwanza kaka alimsomea majina ya wageni. Mara ya pili mkewe aliiweka ile sari mbele ya kamera, kitambaa cha zambarau chenye upindo wa dhahabu, akauliza, unaipenda? Malar akasema anaipenda. Akakata simu akaniambia, Akka, mimi nimekaa katikati ya mlango, wa ndani wananisukuma na wa nje wananisukuma. Nilimkemea, nikamwambia ana kinywa na akitumie. Rahisi kusema. Mimi ningekitumia? Kaka aliyelia kwenye simu unamwambiaje?

Aliyekata shauri ni Yathusha. Alikuwa amerudi shule bila kugombana na mtu. Akaja jikoni tukiwa tunakata vitunguu, akasema, "Fanya tu, Amma. Mjomba keshajiandaa." Malar akaangusha kisu, akamkumbatia. Mtoto akakumbatiwa.

Sherehe ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Mkaza mjomba alimwogesha kwa maji ya manjano na maziwa, akavishwa ile zambarau, akaingia ukumbini chini ya mwavuli wa hariri, masinia yamemtangulia. Mpiga picha akisema cheka, anacheka. Akisema inua kidevu, anainua. Wanawake walimsifu: hana makuu, hana ubishi wa watoto wa huku. Sivapalan alilia tena. Mimi nilikuwa nyuma ya masinia napanga ndizi, Malar akaja akanishika kiwiko kwa vidole vya baridi.

"Hajanitazama, Akka. Tangu asubuhi. Anawatazama wote."

Nikamwambia mapambo yamemzidi, maua yamemlemea shingo. Akaondoka kwenda kupokea wageni.

Baada ya hapo Yathusha akawa mtoto mwema. Hili ndilo ninaloshindwa kuwaeleza wengine, maana wakisikia wanasema basi kilio cha nini? Alitandika kitanda chake. Alikunja nguo. Alibisha hodi kabla ya kuingia jikoni mwa mama yake mwenyewe. Na akimaliza kula alisema, asante kwa chakula, Amma. Kwetu mtoto hamwambii mama yake asante kwa chakula, kama mkono wa kulia usivyoushukuru wa kushoto. Asante ni ya watu baki. Mara ya kwanza Malar alidhani ni utani, akasubiri kicheko. Hakikuja.

Kwa daktari aliendelea kumsindikiza. Nilikwenda nao mara moja, mwezi wa Januari. Malar akaanza habari zake, mgongo, baridi, ngazi za stesheni, na mtoto akatafsiri kila neno, hakupunguza hata moja, mikono amekunja mapajani kama mkalimani wa mahakama. Daktari akaangalia saa. Malar akaishiwa maneno mwenyewe.

Alijaribu. Alipika makaroni ya jibini, akaunguza. Alimnunulia koti alilowahi kulitamani. Mtoto akalivaa, akashukuru. Kisha akafanya ambalo sijaona mama wa kwetu akilifanya: alikwenda akakaa kitandani kwa binti yake, akamwambia nimekosa.

"Akasemaje?" nilimuuliza.

"Kasema haidhuru. Angenitukana, Akka, ningejua pa kumshika. Hiyo haidhuru utaishika wapi?"

Nilikasirika siku ile. Nilimkasirikia mtoto, nikawakasirikia Waswisi na haya zao za kufungiwa bafuni, nikatukasirikia sisi na watu wetu mia tatu. Nilikasirika mpaka nikashika pasi ya Malar, nikaunguza shuka la mzee wa chumba cha juu. Haikusaidia kitu.

Mwezi wa Machi, siku ya Jumatano, simu ya chumba cha kufulia ikalia nikaipokea mimi. Alikuwa mwanamke Mswisi. Alisema yeye ni mama yake Leonie, msichana anayekaa na Yathusha darasani. Yathusha ameanguka kwenye mazoezi, tumbo linamuuma sana, wako hospitali. Shule ilimpigia yeye kwa sababu hiyo ndiyo namba aliyoitoa Yathusha. Akaomba radhi. Alidhani sisi tunajua.

Tulikwenda na aproni zetu. Kidoletumbo, daktari alisema, kimevimba, kinatolewa mchana huu, mzazi atie saini hapa. Malar akatia saini. Yathusha alikuwa kitandani, dawa ya maumivu imeanza kumlegeza, macho yanafumba na kufumbua. Pembeni amekaa mama yake Leonie, mwanamke mnene wa makamo mwenye uso mzuri, koti la mtoto amelipakata. Alipotuona alisimama upesi, akamsogezea Malar kiti, akasema kaa, kaa. Malar hakukaa. Akamshika binti yake mguu juu ya shuka, kwa kuwa mguu ndio uliokuwa karibu.

"Amma," mtoto akasema. "Samahani kwa kukusumbua kazini."

Kisha akasinzia. Malar alibaki amesimama vile vile. Wauguzi wakaja wakapima, wakaandika, wakatoka. Mwisho akanisemesha bila kunitazama.

"Muulize huyo mama, Akka. Muulize mwanangu alimwambia anaumwa tangu lini."

Nikauliza. Mama yake Leonie akamtazama Malar, akanitazama mimi, akawa hataki kujibu. Akajibu polepole. Sikuhitaji kutafsiri. Majina ya siku ndiyo Kijerumani cha kwanza tulichojifunza sisi wa chumba cha kufulia, kwa ajili ya zamu.

"Jumapili," Malar alisema kwa Kitamili, kama anayejisemea mwenyewe. "Jumapili nimempikia pittu na mchuzi wa samaki. Nikamuuliza mbona huli. Akasema ameshiba, asante."